Jembe la Mabry

Ukitaka tugombane, ingia mgahawani kwangu, agiza kambare wa kukaanga, halafu anza kumsema mdogo wangu. Mimi mwenyewe nitamsema mpaka povu linitoke mdomoni. Hiyo ni haki yangu, nimembeba mgongoni akiwa bado ananyonya kidole. Wewe huna haki hiyo. Hosea Crume, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, hajawahi kulielewa jambo hilo. Kila siku ya Mungu anakuja kula kwangu na kusema.

"Dada Earline," alianza Jumatatu ya wiki ile ya mechi yetu na Chuo cha Wexley, hata kofia hajavua, "paka wangu sasa anajua mdogo wako ataita mchezo gani. Ikibaki yadi moja, Jembe. Zikibaki mbili, Jembe. Mvua ikinyesha, Jembe. Harusi ikitokea, Jembe."

"Paka wako amewahi kufundisha mpira?"

"Hajawahi. Lakini angekuwa kocha wa Wexley angetufunga."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Nikamwambia kama samaki anamzuia kusema vizuri, amrudishe jikoni nimpunguzie mzigo. Akamkumbatia samaki wake, akaendelea kutafuna.

Mdogo wangu ni Cleophus Mabry, kocha mkuu wa timu ya Chuo cha Mount Gilboa, chuo chetu sisi weusi pale juu ya kilima, hapa hapa Alabama. Nasema mpira wetu wa mikononi, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, si ule wa miguu. Una majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi; ukishindwa, unampa mwenzio. Mengine yote ni kelele. Cleo aliucheza hapo hapo chuoni, yeye ndiye aliyekuwa akipewa mpira apite nao katikati ya watu wazito. Alipomaliza masomo hakuondoka. Akawa kocha msaidizi, akazeekea kwenye usaidizi, na mzee aliyekuwa mkuu alipostaafu, wakampa timu. Hakuoa. Akiulizwa anasema ameoa uwanja, jibu la kijinga kabisa, lakini ndivyo alivyo. Wazazi wetu wako makaburini nyuma ya kanisa, mume wangu naye yuko huko huko. Nimebaki na Cleo.

Sasa Jembe. Huo ni mchezo mmoja tu, mkongwe kuliko majengo ya chuo: mgawaji, yule anayeanza na mpira mkononi, anampa mtu mnene kuliko wote, naye anainamisha kichwa na kuchimba katikati. Hakuna ufundi wala mapambo. Baba yetu, Isom Mabry, alipalilia pamba ya watu maisha yake yote. Siku Cleo alipocheza mechi yake ya kwanza, Baba alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka shambani, jembe begani, na pale mlangoni hakuna aliyethubutu kumwambia aliache. Cleo alipoingia katikati na mpira, Baba akanyanyua jembe juu akapiga kelele, "Lima!" Watu waliokuwa karibu wakaitikia. Basi ikawa desturi, na Baba alipofariki jembe nikalirithi mimi.

Nakaa mstari wa mbele kabisa, nyuma ya benchi letu. Cleo hajui kujificha. Kabla ya kuita Jembe, anapandisha suruali kiunoni kwa mikono miwili, kama Baba alivyokuwa akifanya kabla ya kuinamia tuta. Nikiona tu suruali imepanda, nanyanyua jembe. Wapiga ngoma wa bendi wakiliona jembe, wanazishukia ngoma. Uwanja mzima unasimama, mikono inakata hewa, "Lima! Lima!" Wageni nywele zinawasimama. Sikufichi, Jumamosi mimi nilikuwa mkubwa kuliko meya.

Lakini jembe lilikuwa limeacha kukata. Tangu Cleo awe mkuu, mwaka wa kwanza tulikwenda vizuri, wa pili tukayumba, na huu wa tatu ulikuwa aibu. Tulipoteza mechi hapa hapa nyumbani tukihitaji yadi moja tu. Cleo akapandisha suruali, mimi juu, ngoma juu, na Ballou, mtu wetu mnene, akakuta ukuta. Jamaa walikuwa wameshajaa pale katikati, utadhani walialikwa. Watu wakazomea. Wanataka mbinu zile za kwenye televisheni, mpira unakwenda kulia kumbe umekwenda kushoto, mgawaji anajifanya amelala kumbe yuko macho. Cleo akaulizwa na watu wa redio atabadilika lini. Akajibu, "Jumamosi njooni muone." Jumamosi tukaja, tukaona Jembe.

Mkuu wa chuo, Daktari Peake, mtu wa sauti ya chini na maneno mazito, akamwita ofisini. Akamwambia mechi ya mwisho ni ya Wexley. Akishinda anabaki, akishindwa, mkataba haurudiwi. Ilipofika jioni mji wote ulishajua, na mimi nilishajua zaidi, kwamba kuna chuo Texas kinamtaka akawe msaidizi tena, umri huu. Texas! Nani angekaa mezani kwangu Jumapili baada ya ibada? Nilikaanga samaki siku hiyo huku machozi yananitoka, wateja wakadhani ni vitunguu.

Tena angalia ni Wexley ya nani. Kocha wao ni Delmar Pruitt, aliyekuwa msaidizi pamoja na Cleo hapa kwetu miaka mingi. Amekula kambare wangu bure, amekaa kiti changu, anamjua mdogo wangu ndani nje. Wiki ile alihojiwa redioni. "Namheshimu sana Kocha Mabry," akasema. "Ni mtu wa kutegemewa. Ukitegesha saa yako kwa Jembe lake, hutachelewa kazini hata siku moja." Nikaizima redio kwa mwiko.

Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Nilipika bata mzinga, mkate wa mahindi, sukuma wiki na nyama iliyokaushwa kwa moshi, pai ya viazi vitamu, vyote vya watu wawili. Cleo akaja na kofia ya timu, akasali, akala. Nilijizuia mpaka kwenye sahani ya pili.

"Cleo, Jumamosi badilika."

"Nipitishie sukuma, Dada."

"Nakwambia badilika, we mwana! Makocha wenzako wana mbinu mia, wewe una moja, na hiyo moja hata paka anaijua."

"Paka wa Hosea."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Hizo mbinu huzijui?"

"Nazijua. Tunazifanyia mazoezi."

"Mnazifanyia mazoezi halafu huziiti! Basi tuseme ni nini? Woga?"

Aliweka uma chini. Cleo hagombani, na ukimya wake unanichoma kuliko matusi. Akafuta mdomo, akaniuliza polepole, "Utakuja na jembe?"

"Nitakuja nalo kwa sababu ni la Baba. Kulinyanyua, sinyanyui. Haki ya Mungu, Cleo, sitakuchimbia kaburi na jembe la baba yangu mwenyewe."

Akaisogeza sahani yake kando. Nikaona nimemuumiza, na nikafurahi kidogo, nikidhani labda yamemwingia.

"Wewe lilete tu," akasema. Pai hakumaliza.

Jumamosi jua liliwaka lakini baridi ilikuwa inauma masikio. Nikakaa mahali pangu, blanketi magotini, jembe limelala miguuni. Hosea alikuwa nyuma yangu na mfuko wa karanga za kuchemsha. Wexley walikuja na mabasi mawili ya mashabiki na dharau ya kujaza la tatu. Mpaka mapumziko walikuwa mbele.

Kipindi cha pili kilipoanza, Cleo akapandisha suruali. Sikusogea. Kiongozi wa wapiga ngoma akanitazama, fimbo hewani, nikamtazama na mimi, nikafunga mikono kifuani. Uwanja ukawa kimya kama kanisani kabla ya mahubiri. Ballou akapewa mpira, akainama, akapita. Yadi tano!

"Bahati ya mtende," akasema Hosea, anatema ganda la karanga.

"Bahati tupu," nikasema na mimi.

Baadaye Cleo akapandisha tena, nikakaa tena, na Ballou akapita tena. Watu walioko nyuma wakaanza kunipigia kelele, "Dada Earline, jembe! Unatuharibia sherehe!" Nikaona kwenye benchi la Wexley kuna kijana mmoja haangalii mpira kabisa. Ameshika darubini, ananiangalia mimi. Nikambetulia mdomo mpaka akaishusha.

Saa ya uwanjani ilikuwa karibu kumalizika tulipofunga. Ubao ukasoma Wexley ishirini na moja, Mount Gilboa ishirini. Ukishafunga, unachagua. Unaweza kuupiga mpira kwa mguu katikati ya milingoti, upate pointi moja ya uhakika, mwende sare na nyongeza ya mchezo. Au unausimamisha yadi tatu kutoka mstarini na kujaribu kuingia nao, mara moja tu: ukiingia ni mbili, umeshinda, ukizuiwa, umekwisha. Tangu nimfahamu mdogo wangu, hajawahi kuiacha ile moja. Ni mtu anayefunga mlango halafu anarudi kuutikisa.

Akanyoosha vidole viwili juu.

"Amerukwa na akili!" Hosea akamwaga karanga zote. "Huyu wa kuchukua moja, leo ndiyo anataka mbili? Leo?"

Delmar Pruitt akaomba muda, akawaita vijana wake. Nilimwona anacheka. Aliwaonyesha katikati kwa kiganja, akakipiga kile kiganja kwa ngumi. Hakuwa na la kuwaza: Mabry, yadi tatu, kazi yake iko shingoni. Kitakuja nini kingine?

Ndipo Cleo akageuka. Akaupa uwanja mgongo, akanitazama. Miaka yote hiyo, akicheza, akiwa msaidizi, akiwa mkuu, hakuwahi kutazama jukwaani hata mara moja. Alikuwa akisema jukwaani hakuna mpira. Alinitazama mimi, usoni, na akashika suruali kwa mikono miwili, akaipandisha.

Jembe! Mbele ya watu wote hawa, na watu wale wamejaa pale pale!

"Cleo, usifanye hivyo," nikasema kwa sauti, ingawa najua hakusikia. "Mdogo wangu, usifanye hivyo."

Hakugeuka. Aliendelea kunitazama.

"Usimpe kichwa, Dada Earline!" Hosea alikuwa ananivuta blanketi. "Kaa chini!"

Nilijua anakosea. Nilijua kabisa, kama ninavyojua mafuta yakiwa hayajapata moto. Nilimwona yuko Texas, amevaa kofia ya watu wengine, anakula mkate wa dukani. Hasira zilinipanda. Lakini alikuwa amesimama pale chini, mvi zimemjaa, ananiomba kitu, na Cleo haombi. Nikasema basi, kama ni kuanguka, hataanguka huku jembe la Baba limelala miguuni mwangu. Nikatupa blanketi, nikasimama, nikalinyanyua juu mikono yote miwili.

Ngoma zikashuka. Mungu wangu, zile ngoma! Uwanja mzima ukainuka, "Lima! Lima! Lima!" Nikamwona Delmar anapunga mikono yote, ingieni ndani, ingieni ndani, na wanaume wa Wexley wakajibana katikati bega kwa bega mpaka hapakuwa na nafasi ya kupitisha kisu.

Mpira ukaanza. Kendrick Odom, mgawaji wetu, akageuka, akamkabidhi Ballou. Ballou akainama, akachimba. Wakamlalia kumi kwa mpigo, lundo likapanda, likasimama. Hakupita hata hatua moja.

Nikashusha jembe. Nikakaa. "Basi," nikasema, na machozi yakaanza.

Ikachukua muda kidogo kabla sijasikia kwamba kelele imehama. Haikuwa tena mbele yangu. Ilikuwa kule kona ya kulia, upande wa matarumbeta, na ilikuwa inakuja huku kama mvua juu ya bati. Nikafuta macho. Kendrick Odom alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari, peke yake, hakuna mtu wa Wexley karibu hata wa kumwuliza saa. Mpira alikuwa ameubana pajani. Aliuinamia kuutazama, kama na yeye anahakikisha. Ballou alikuwa chini ya lile lundo na mikono mitupu.

Hosea alinikumbatia mpaka kofia yangu ya kanisani ikapondeka. "Nilijua!" alikuwa anapiga kelele. "Nilisema mimi! Si nilisema?" Mtu huyu hana haya.

Jumapili baada ya ibada Cleo alikuja kama kawaida. Kanisani walikuwa wamempigia makofi mpaka mchungaji akasahau alikuwa anaombea nini. Nilifunga mlango wa mgahawa, nikampakulia, nikakaa mbele yake nikamtolea macho.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, Dada."

"Mbele ya kaburi la Baba utasema hivyo hivyo?"

"Nitasema." Akamega mkate. "Yule kijana wa darubini ulimwona?"

"Nilimbetulia mdomo."

"Hiyo ndiyo kazi yake. Anakutazama wewe. Jembe likipanda, anampigia Delmar mkono, na Delmar anajaza katikati. Niligundua mwezi wa nne, nilipokuwa narudia picha za mechi zetu za mwaka jana. Kila mara jembe linapanda, watu wao wanasogea, mpira bado hata haujaguswa. Na si Wexley peke yao. Wameambiana."

Kijiko kilinitoka mkononi. Nikaikumbuka ile mechi ya yadi moja, ule ukuta, watu wanazomea. Nikakumbuka jana, nilipokaa kimya na Ballou akapita.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. "Na mdudu mwenyewe ni mimi."

"Ni mimi. Mimi ndiye ninayepandisha suruali. Wewe ulikuwa unanisoma tu."

"Mwezi wa nne, Cleo! Umejua tangu mwezi wa nne, ukaniacha nanyanyua, tukashindwa?"

"Ndiyo."

"Ukazomewa?"

"Ndiyo." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ningekwambia uache, Delmar angejua kwamba nimejua. Nilitaka awe na uhakika. Si uhakika kidogo, Dada, uhakika wa kulala usingizi. Mbinu hizo za televisheni kila mtu anazo, na kila mtu anazitazamia. Kwangu hakuna aliyetazamia kitu. Hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo, nami sikutaka kuitumia kwa timu ndogo mwezi wa tisa. Vijana tuliwazoesha ule mchezo wa Kendrick kubaki na mpira kila Alhamisi, milango imefungwa, na kwenye mechi tuliufanya mara moja tu, jana."

"Na mimi je? Mimi ningemwambia nani?"

"Usingemwambia mtu. Lakini uso wako! Ukifurahi, Hosea anajua akiwa ng'ambo ya barabara na wembe mkononi."

Nikampiga na kitambaa cha vyombo. Nikampiga tena. Halafu nikakifunika usoni kile kitambaa nikalia, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nimemwita mwoga, mkaidi, na mengine ambayo mtu hayasemi Jumapili.

"Ulinisaidia," akasema. "Ulivyokuwa unanitukana, nani angekuwa na shaka? Ila siku ya Shukrani uliniua. Uliposema hunyanyui, chakula kilinikwama. Niliona mwaka wangu wote unakwenda na maji."

"Ungeniambia hapo hapo."

"Nilitaka. Nikala pai, nikanyamaza."

"Hukumaliza hata hiyo pai."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Nikuulize kitu. Pale mwisho, ulipoona napandisha suruali, ulidhani naita Jembe?"

"Nilijua unaita Jembe. Nilijua umerukwa na akili."

"Na ulijua tukizuiwa naondoka."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinyanyua?"

Nikainama nikaokota kile kijiko.

"Si uligeuka ukanitazama," nikasema.

Akainuka, akaichukua sahani yake na yangu pia. Mtu huyu tangu azaliwe hajawahi kuosha hata kikombe kwangu. Akaenda mpaka kwenye karo, akasimama mbele ya vyombo vyote vya tangu asubuhi, akapandisha suruali kwa mikono miwili, na akaanza na sufuria kubwa.